SAMAKI WA KUKAA PAMOJA KATIKA BWAWA JIPYA
Somo kwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa



Methali yasema, "Mchagua jembe si mkulima." Shambani neno hilo ni kweli. Lakini bwawani mambo ni kinyume: asiyechagua samaki hapati mavuno. Umekwisha chimba bwawa lako bondeni, chini ya migomba, na maji yamejaa. Basi kabla hujatia samaki hata mmoja, yakupasa kuuliza maswali matatu: Huyu hula nini? Huzaa namna gani? Naye aweza kukaa na mwenziwe bila kumla?

Mimi nalijifunza jambo hili kwa aibu. Zamani, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nalimshauri mkulima mmoja atie vifaranga vya perege na vya kambale siku moja. Yeye na mkewe na watoto walikuwa wamechimba bwawa lile kiangazi kizima. Siku ya kuvuna tulipotoa maji tulikuta kambale wanono wachache, na perege wa kuhesabika kwa vidole. Mwenye bwawa hakunilaumu. Alichukua kikapu chake akaenda zake. Tangu siku hiyo nawafundisha watu utaratibu ufuatao.

1. Anza na sato peke yake.
Sato ni mmoja katika jamii ya perege. Chakula chake kikubwa ni mimea midogo sana inayofanya maji kuwa ya kijani. Kwa hiyo mtilie bwawani samadi ya ng'ombe au ya mbuzi kabla hajaja, ukangoje maji yageuke rangi. Kisha zamisha mkono hata kiwiko: ikiwa kiganja hakionekani tena, chakula kipo. Sato hupenda joto la digrii 25 hata 30 za Sentigredi, na milima yetu ina baridi. Maji yakishuka chini ya digrii 20 hukua polepole mno. Bwawa na lipate jua, wala usiache maji ya kijito yapite ndani mchana na usiku, maana huleta baridi na kuchukua chakula.

2. Usijaze kupita kiasi.
Kila mita moja ya mraba yatosha vifaranga viwili. Bwawa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina mita za mraba 200. Basi tia vifaranga 400, usizidishe.

3. Tia kambale baadaye, tena wachache.
Sato huzaa upesi akiwa angali mdogo. Jike huyaweka mayai kinywani mwake hata yaanguliwe, kwa hiyo watoto wengi huokoka. Baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki wembamba wanaonyang'anyana chakula, wala hakuna anayenenepa. Hapo ndipo kambale afaapo, maana hula watoto wale. Lakini mngoje sato awe na ukubwa wa kiganja na awe ameanza kuzaa, ndipo utie kambale wadogo wa urefu wa kidole. Kwa sato 400 kambale 20 watosha. Ukiwatia mapema, watakula mbegu badala ya magugu. Na ukipata vifaranga vya sato vilivyo madume matupu, huna haja ya kambale kwa kazi hii.

Tena kumbuka kwamba kambale huvuta hewa ya juu, na usiku wa mvua aweza kutambaa nchi kavu. Inua kingo za bwawa, ukatie wavu katika mdomo wa kutolea maji.

4. Usichanganye perege wa aina mbili.
Sato na ngege huzaliana, na watoto wao huwa si sato wala si ngege. Ngege amepungua sana katika Ziwa Victoria, naye amebaki zaidi katika maziwa madogo ya kandokando. Vijito vyetu vingi huteremkia mto Kagera, na Kagera huingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo usimwachie samaki wa bwawa atoroke, wala usimpeleke katika ziwa lolote.

5. Wakatae sangara na kamongo.
Sangara hula samaki wenziwe, tena hutaka maji mengi yenye hewa nyingi. Aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka. Kama ziwa kubwa namna ile halikustahimili, kijibwawa chako kitastahimilije? Kamongo naye hula samaki, na maji yakikauka hujificha katika tope akingoja mvua. Kwa hiyo ukitoa maji bwawani, chunguza tope vizuri kabla ya kujaza tena.

Usivue vifaranga mtoni ukavitia bwawani, maana katika ndoo moja huwezi kujua umechukua nani. Mwendee Afisa Uvuvi wa wilaya yako, akuonyeshe mahali pa kununua vifaranga vinavyojulikana. Vikifika, eleza chombo chao juu ya maji ya bwawa kwa muda wa robo saa ili joto lilingane, ndipo uwaache watoke wenyewe polepole.

Usitazamie mavuno kabla ya miezi sita. Penye baridi hukawia zaidi. Ukifuata utaratibu huu, siku ya kutoa maji watoto wako watakuwa ukingoni na vikapu, na jioni hiyo ndizi zitapata kitoweo kilichotoka katika jasho la nyumba yako mwenyewe.