Alhamisi Unapita Njia ya Nyuma

*Shangazi, nakaa Kasongo na watoto wanne. Baba yao yuko Salamabila kwenye dhahabu, mwezi wa tano huu hatumi kitu. Nasikia kuna misaada ya familia maskini. Majina yanaandikwa wapi? Nilikuwa katika AVEC, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, nikakopa pesa ya kununua mawese, mtoto akalazwa, pesa ikaishia hospitali. Amepona, lakini sina cha kulipa. Kila Alhamisi wanapokutana napita njia ya nyuma ili wamama wasinione.*

Mwanangu,

Uliloniuliza nalijibu upesi. Uliza parokiani kwa watu wa Caritas, uliza na kwa shefu wa mtaa. Orodha hizo mara nyingi huanza na waliokimbia vita Kabambare, na ni haki yao. Kuandikwa ni bure. Anayetaka franka zako au mwili wako ili akuandike, mshitaki. Shule ya msingi ya serikali nayo ni bure tangu Septemba 2019, kwa hiyo usimweke mtoto nyumbani kwa sababu ya minervali, ile ada ya shule.

Lakini hiyo njia ya nyuma! Barua yako yote iko pale.

Nimewahi kushika ufunguo mmoja wa sanduku la AVEC. Makufuli matatu, wamama watatu, hakuna anayelifungua peke yake. Ndani mna vitabu vidogo vya wanachama, na chako kimo, na hisa zako zimepigwa mihuri. Kando yake mna kifuko cha pili, kaisi ya solidarite, cha ugonjwa na msiba. Juma baada ya juma ulitia humo franka zako. Mtoto wako alipolazwa, kifuko kile kilikuwa kinakungoja. Hukuomba. Ulitoa pesa ya mawese, ukanyamaza, ukajihukumu mwizi kabla mtu hajakuhukumu.

Hapo nakukasirikia. Kumpa jina lako mgeni mwenye karatasi unaweza. Kuwatazama wanawake waliokula jasho lako nawe ukala lao, unashindwa! Kumwomba uliyemchangia si kuombaomba. Mpango huu wa AVEC ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wasio na benki wala mali ya kuweka rehani. Ulitungwa kwa ajili ya mtu kama wewe, katika mwezi kama huu. Na hesabu ya deni lako wanaijua. Wasichokijua ni kwa nini umetoweka, na hilo ndilo wanalolisema kisimani.

Najua hofu hiyo, mwanangu. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa hafikirii kanuni za sanduku.

Alhamisi hii pita njia ya mbele. Fika kabla makufuli hayajafunguliwa, ukae mahali pako pa zamani, karatasi za hospitali mkononi. Sema: nilikopa ya mawese, mtoto akaugua, nikaogopa. Omba muda, na kitakachobaki kitakatwa kwenye hisa zako siku ya kugawana. Na huyo mtoto mbebe mgongoni uende naye. Watataka kumwona.