SOMO LA WANACHAMA: MWASUMINI NA UTUNZAJI WAKE MJINI

Katika mitaa ya Kariakoo na sehemu za mji zinazoelekea Feri, nafasi ya kulima ni haba. Hata hivyo, uani hapakosi mahali pa kuotesha mwasumini, japo ndani ya debe. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Jasminum sambac, asili yake ni Asia ya Kusini. Ukishashika mizizi huishi miaka mingi na kustahimili jua kali. Maua yake hutakiwa kwa vikuba, arusi na mapambo ya nywele. Lakini asumini haiwekwi ghalani kama mahindi: lililochumwa leo lisipouzwa leo, jasho la mkulima limepotea. Kwa hiyo utunzaji na uuzaji wake hauna budi kufundishwa pamoja.

Kupanda

Wakati bora ni mwanzo wa mvua za masika au za vuli. Tawi lisilo changa sana wala gumu sana hukatwa vipande vya sentimeta 15 hadi 20, kila kimoja chenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini huondolewa, na vifundo viwili hufukiwa katika udongo wenye unyevu, kivulini. Mche ukishapata mizizi na majani mapya huhamishiwa penye jua. Bustanini, nafasi ya mita moja na nusu kati ya shina na shina yatosha. Debe sharti litobolewe chini, kwani maji yakituama mizizi huoza.

Maji na mbolea

Karibu na bahari, maji ya visima vingi huwa na chumvi. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, maji yachunguzwe kwanza kabla ya kulaumu udongo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati ni salama zaidi. Samadi iliyooza itiwe kabla ya mvua. Matumbo na vichwa vya samaki kutoka soko la Feri ni mbolea nzuri, lakini yasitiwe mabichi: yaoshwe kwa maji baridi ili chumvi ipungue, kisha yafukiwe katika lundo la mboji mpaka yaoze kabisa.

Kupogoa

Wengi huogopa kuukata mti unaochanua. Hofu hiyo ndiyo inayowanyima mavuno, kwa sababu asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Majira ya kipupwe, maua yanapopungua, matawi yakatwe yabakie kiasi cha sentimeta 50 kutoka ardhini, na yaliyokauka yaondolewe yote. Kisha mti utiwe samadi na kumwagiliwa.

Viwavi wanaotoboa matumba waondolewe kwa mkono. Dawa za sumu zisipulizwe, kwa kuwa ua hili huvaliwa kichwani na kulazwa kitandani.

Kuchuma

Tumba hufunguka usiku. Kwa hiyo huchumwa alasiri, likiwa limejaa na kuwa jeupe lakini lingali limefumba. Watengenezaji wa chai ya asumini huko China hufuata desturi hiyo hiyo, ili matumba yafunguke juu ya majani ya chai na kuyaachia harufu. Matumba yawekwe katika kikapu kinachopitisha hewa, yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, wala yasianikwe juani.

Wajibu wa katibu

Wanachama wakiuza pamoja, kila mzigo upimwe kwa mizani mbele ya mwenyewe, wala usikisiwe kwa mkono. Daftari lionyeshe jina, uzito, saa ya kupokelewa na fedha iliyolipwa, na mwanachama apewe stakabadhi. Saa ni muhimu: inaonyesha ni nani aliyechelewa, na kama mzigo uliharibikia kwa mchumaji au katika mikono ya chama. Matumba yaliyoloweshwa ili yaongezeke uzito yakataliwe bila kujali cheo cha aliyeyaleta. Mnunuzi akidanganywa mara moja, hasara huwa ya wote, hata wa yule aliyechuma kwa uaminifu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini mwasumini usiopogolewa hutoa maua machache?
2. Chama kitatumia njia gani kupata maji yasiyo na chumvi wakati wa kiangazi?
3. Mzigo ukinyauka kabla ya kuuzwa, hasara ibebwe na nani, na daftari litasaidiaje kuamua?