DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 11: KIKOHOZI HAKISUBIRI IDI



Ndugu zangu wa Kahama, Mwakitolyo, Katoro, Nyarugusu na kote mnakotusoma, Allah atutakabalie saumu zetu.

Darasa la leo linatokana na swali la dada yetu mmoja. Mume wake ni mchimbaji. Amegundulika ana kifua kikuu na yuko mwezi wa pili wa dawa. Ramadhani ilipoingia akaziweka dawa kabatini, akasema ataendelea nazo baada ya Idi kwa sababu hataki dawa imzuie ibada. Dada anauliza: nimwache au nimkataze?

Dada yangu, usimwache. Kesho asubuhi aende kwenye kituo alichoanzishiwa dawa, aseme ukweli ameacha siku ngapi, wamwelekeze. Asianze mwenyewe kimya kimya. Sasa tueleze sababu, maana najua hayuko peke yake.

*Ugonjwa wenyewe ni upi?*

Kifua kikuu, TB, kinaletwa na kijidudu. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Sio kurogwa, sio jini la dhahabu, wala sio adhabu kwa sababu mtu kahama duara la mwenzake. Kijidudu kinatoka kwa mgonjwa anapokohoa, kinaelea hewani, mwingine anakivuta.

Dalili zake zikariri kama unavyokariri nguzo za swala: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa hasa za jioni, jasho jingi usiku hata shuka linalowana, kukonda, kukosa hamu ya kula, kifua kuuma, na wengine hukohoa damu. Usisubiri damu. Wengi wanaokohoa damu walishachelewa.

Na hapa Ramadhani ina mtego wake. Mtu amekonda, anasema ni saumu. Amechoka, anasema ni saumu. Anakohoa, anasema ni vumbi la karasha. Kila dalili ameipatia kisingizio, na mwezi unakwisha.

*Kwa nini machimbo?*

Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na wachimbaji wamo kwenye makundi yanayopata sana. Sababu ya kwanza ni vumbi. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi una silika. Ukitoboa mwamba mkavu, ukilipua baruti, ukisaga mawe kwenye karasha, linatoka vumbi jembamba usiloliona kwa macho. Linafika ndani kabisa ya mapafu, linaua zile askari za mwili zinazopaswa kummeza mdudu. Mlango unabaki wazi.

Sababu ya pili ni makazi. Vijana wanane kwenye kibanda kimoja cha maturubai, hakuna dirisha, mmoja anakohoa usiku kucha. Sababu ya tatu ni kuhamahama. Leo yuko Nyarugusu, akisikia rashi mahali pengine anabeba begi, kadi ya matibabu inabaki chini ya godoro. Na mwenye VVU kinga yake iko chini zaidi, ndiyo maana ukipimwa TB utashauriwa upime na VVU. Hapo hujashukiwa uovu, ni utaratibu.

*Dawa zinafanyaje kazi?*

Kifua kikuu cha kawaida kinapona kabisa. Matibabu ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Idadi ya vidonge inategemea uzito wako. Kwenye vituo vya Serikali ni bure. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na utaratibu wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize dozi ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza duniani katika miaka ya 1990 ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika hapa hapa Tanzania. Dunia ilijifunza kwetu, halafu sisi tunaweka dawa kabatini!

Tatizo ni hili. Baada ya wiki chache za dawa kikohozi kinatulia, mwili unarudi, mtu anajiona mzima. Wadudu dhaifu wamekufa, lakini wale wagumu wamelala tu. Ukiacha, wanaamka, na wanaweza kuwa wameshaizoea dawa. Hicho ndicho kifua kikuu sugu. Dawa zake ni nyingine na ni nzito zaidi. Kuna miaka mgonjwa wa namna hiyo alitoka huku kwetu akaenda kulazwa hospitali ya Kibong'oto, Siha, Kilimanjaro. Na akimwambukiza mkewe au mtoto, anawapa huo huo sugu. Kwa hiyo kidonge kile sio mali yako peke yako. Ni amana ya watu wa nyumbani kwako.

Jambo moja linawatisha wengi: mkojo kuwa na rangi ya machungwa au wekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, sio damu. Usiache. Lakini macho yakiwa ya manjano, ukitapika sana, ukiona mabadiliko ya kuona au miguu ikifa ganzi, rudi kituoni haraka.

*Sheria inasemaje?*

Allah katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akaeleza kwamba anatutakia wepesi. Ruhusa hiyo imeteremka pamoja na amri ya saumu yenyewe. Anayeipokea anamtii Mola yule yule aliyeamrisha kufunga.

Na ipo hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), imo katika Sunan ya Abu Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe kichwani, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akawahesabu wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza. Jamani, wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaipenda dini. Ogopa kumwambia mgonjwa "kaza tu, Allah atakusaidia" katika jambo usilolijua.

Basi tuyaweke wazi:

1. Mgonjwa wa TB aliyedhoofika, au aliyekatazwa na daktari kufunga, ale. Akipona atalipa siku zake. Huyu hatoi fidia badala ya kulipa, kwa sababu ugonjwa wake unatarajiwa kupona.

2. Aliyepata nguvu na daktari akamruhusu, afunge. Dawa ni mara moja kwa siku, na kwa kawaida humezwa tumbo likiwa tupu. Muulize muuguzi: ninywe kabla ya daku au adhana ya magharibi, kisha nisubiri ndipo nifuturu? Mkikubaliana saa, ishike hiyo hiyo kila siku.

3. Kutoa makohozi ya kupima hakuharibu saumu. Kupigwa picha ya kifua hakuharibu. Kutolewa damu kidogo ya vipimo hakuharibu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Kwa hiyo "nimefunga" sio sababu ya kutokwenda kupima. Penye mashine ya GeneXpert, kipimo chenyewe huchukua kama saa mbili.

*Na yule ambaye sio TB?*

Wapo wazee wa machimbo wanaohema wakipanda kilima kidogo, wamepimwa TB mara kadhaa haionekani. Inaweza kuwa silikosisi, yaani kovu la mapafu linaloletwa na lile vumbi la mawe. Hili halina dawa ya kuliondoa. Kinachowezekana ni kuacha vumbi, kutibu kinachoambatana nalo, na kupimwa TB mara kwa mara kwa sababu wao huipata kirahisi zaidi. Mzee wa namna hii, kama saumu imemshinda na hatarajii kuiweza tena, ndiye wa fidia: kumlisha masikini kwa kila siku.

Lakini silikosisi inazuilika. Wenye maduara na makarasha, mwagieni maji mwamba na mawe wakati wa kutoboa na kusaga. Nunueni barakoa za vumbi zinazobana uso. Fulana iliyofungwa puani haizuii lile vumbi jembamba. Kijana anayekufanyia kazi atakudai kesho mbele ya Allah, na siku hiyo hakuna mgao wa mifuko.

*Kazi ya leo*

Mtazame unayefuturu naye. Kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, kesho mpeleke kituo cha afya. Msimtenge kwenye sinia, TB haiambukizwi kwa kula pamoja. Fungueni madirisha ya nyumba, na msikitini wakati wa tarawehe. Kama unahama machimbo, toa taarifa kituoni wakuandikie uhamisho, kadi iende na wewe.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, wahifadhi walioko chini ya ardhi wakitafuta riziki, na utupe akili ya kupokea wepesi uliotupa. Aamin.

Mtumie mchimbaji mmoja darasa hili. Kesho inshaAllah tutaendelea na adabu za kudaiana.