MAANA YA NENO "CARITAS"

Wakazi wa Nairobi hulifahamu neno Caritas, kwa kuwa Caritas Nairobi ni jina la idara ya maendeleo ya Jimbo Kuu Katoliki la mji huo. Wengi hudhani maana yake ni kugawa fedha au chakula tu. Yafaa, msomaji, tulichungue neno lenyewe.

Caritas ni neno la Kilatini. Latokana na carus, yaani kitu cha bei kubwa, au mtu apendwaye sana. Warumi walilitumia hata kwa ughali wa nafaka sokoni. Baadaye waandishi wengine waliliandika charitas, wakidhani asili yake ni neno la Kiyunani charis, yaani neema. Hilo lilikuwa kosa, kwani maneno hayo hayana asili moja.

Hata hivyo, maana yake ya Kikristo yatoka kwa Wayunani. Mtume Paulo, katika mlango wa 13 wa waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliandika agape. Wafasiri wa Kilatini wakaweka caritas, na Biblia ya Kiswahili yasema upendo. Sadaka ina neno lake jingine la Kiyunani, eleemosyne, litokalo katika eleos, yaani huruma. Mambo hayo mawili si mamoja. Paulo mwenyewe afundisha kwamba mtu aweza kutoa mali yake yote na bado akakosa upendo.

Lugha yetu yatusaidia kufahamu. Kutokana na thamani twapata kuthamini. Basi mwenye caritas humthamini mwenziwe kwanza, ndipo humpa.

Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko alizuru kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, magharibi ya mji. Aliwasifu watu wa mitaa maskini kwa desturi yao ya kushirikiana, akasema mambo hayo hayana bei katika soko la hisa. Tena alitaja haki yao ya kupata maji na makao. Hakuwatazama kama watu wa kuhurumiwa tu, bali kama watu wenye thamani na haki.

Basi tumpapo jirani kitu, tujiulize: je, twamthamini, au twamwondoa mlangoni? Wazee walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.