Luku Hailipii Kiwanja: Jinsi ya Kuigomboa Nyumba Kabla Haijapigwa Mnada

Mwenye nyumba wa Hasamba, hapa Mbozi, akinunua umeme, Sh1,500 hukatwa kila mwezi. Hiyo ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia Luku. Nyumba ya kawaida ilianza kwa Sh1,000, ikapandishwa katika mwaka wa fedha 2023/24. Ikiwa mita iko mikononi mwa mpangaji, anayekatwa ni yeye, kwa hiyo mwenye nyumba amrudishie fedha yake au aipunguze kwenye kodi ya chumba.

Kwa kuwa kodi ya majengo inajikata yenyewe, wengi wanaamini wamemalizana na Serikali. Hawajamalizana. Iko kodi ya pango la ardhi, deni jingine kabisa, na hili Luku hailigusi. Linamhusu mwenye kiwanja kilichopimwa na kumilikishwa kwa hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; mwenye hati amepewa muda wa kuitumia, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, naye huilipia pango kila mwaka. Mwaka wa kodi huanza Julai mosi, wakati huku Mbozi kahawa iko kwenye vichanja na mifuko bado mikavu. Ndiyo maana watu husema “nitalipa nikiuza”, kisha fedha ya kahawa inaishia kwenye ada na mbolea. Deni linabaki, na riba inapanda juu yake.

Usipolipa, hatua ya kwanza ni ilani ya madai inayokupa siku 14. Zikipita kimya, mamlaka ya ardhi inaweza kukupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo likaamuru mali ikamatwe na kuuzwa. Njia nyingine ni kali zaidi: ilani ya siku 90 ya kubatilisha milki yenyewe. Ukipokea karatasi yoyote kati ya hizo, usiifiche chini ya godoro. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na nakala ya hati, uombe hesabu ya deni na kontroo namba, ulipe, kisha upeleke stakabadhi kule ilani ilikotoka. Kama huwezi kulipa lote kwa mara moja, omba kwa maandishi upangiwe awamu, ubaki na nakala yenye muhuri. Ahadi ya mdomo haizuii mnada.

Jambo linaloniumiza zaidi ni nyumba za urithi. Hati bado ina jina la marehemu baba, ilani zinakwenda kwenye sanduku la posta ambalo halifunguliwi tena, na watoto wanakuja kushtuka dalali akiwa mlangoni. Familia iteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe mahakamani, abadilishe jina na anwani. Hata kabla ya hapo, mtoto yeyote anaweza kulipia kwa kutumia taarifa za hati.

Mnada nao una masharti. Sheria ya madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya kuuza ardhi, na Kiswahili lazima kiwemo. Kama nyumba imeuzwa kwa amri ya mahakama, mlango haujafungwa papo hapo: ndani ya siku 30 mwenye mali anaweza kuomba mauzo yatenguliwe, akiweka mahakamani deni lote pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi. Mauzo yakishathibitishwa, haki hiyo imekwisha. Siku hizo ni chache, mtafute wakili au msaidizi wa kisheria mapema.

Nyumba iliyowekwa rehani benki ina njia yake. Benki hutoa ilani ya siku 60, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Unaweza kulipa na kuigomboa hadi kabla haijauzwa. Nyundo ikishagongwa kwa halali, kurudi nyuma ni kugumu mno. Bei ikizidi deni na gharama, ziada ni yako, uidai. Suala la ziada lilifika mahakamani hata nchini Marekani: katika jimbo la Minnesota, nyumba ya bibi mmoja iliuzwa dola 40,000 kwa deni la kodi la dola 15,000, serikali ya kaunti ikachukua zote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema kumnyima ziada ni kumpokonya mali yake.

Wiki hii toa hati kabatini, uangalie jina la nani limeandikwa na stakabadhi ya mwisho ya pango ni ya mwaka gani. Kama huioni, ofisi ya ardhi itakuonyesha unachodaiwa. Nenda kabla ilani haijaandikwa.