Kilo 25 Zimenishinda, na Sasa Naikwepa Kliniki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 42, fundi cherehani hapa Mbagala. Mwishoni mwa mwaka jana nilipima presha kwenye upimaji wa bure, wakaniambia ni 152 kwa 96. Nikaenda kituo cha afya, ikaonekana iko juu vilevile, daktari akanianzishia dawa ya kumeza kila siku na kuniambia nipunguze uzito. Nina kilo 92.

Januari nikajiwekea malengo: kupunguza kilo 25 kufikia Juni, kukimbia kila alfajiri, kuacha wali, ugali, chapati, sukari na mafuta. Nikayaandika kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chetu, wenzangu wakanipongeza. Niliwahi kusikia kwamba siku 21 zinatosha mtu kuzoea jambo. Siku ya 19 tukapata msiba Morogoro. Nikakaa huko siku nne, nikala kilichopikwa. Niliporudi sikuamka tena kukimbia. Huu ni mwaka wa tatu naanza na kuishia njiani.

Dawa ziliisha Machi na sijarudi kuchukua nyingine. Mara ya mwisho muuguzi alinisema mbele ya watu kwamba nimeongezeka, na sasa nimeongezeka tena. Nataka kwanza nipungue ndipo niende. Nyumbani napika sufuria mbili kwa sababu baba watoto anasema chakula changu hakina ladha. Kuna dada anauza chai ya kukata tumbo kwa shilingi 35,000. Ninunue? Au mimi ndiye sina msimamo tu?

Fundi, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: unataka kwanza upungue, ndipo urudi kliniki. Hapo ndipo ninapoogopa. Wali hauniogopeshi, wala siku yako ya 19. Dawa uliyoandikiwa haikuwa zawadi ya kupewa ukishapungua. Ilikuwa inakulinda na kilo zako 92, na tangu Machi hulindwi. Kwa hiyo kabla hujajiwekea lengo lingine lolote, nenda kliniki wiki hii. Nenda na kilo zako zote. Waeleze kweli kwamba dawa ziliisha na hukurudi. Si wewe wa kwanza kuwaambia hivyo. Usimwombe jirani vidonge vyake, wala usinunue dukani kwa kukisia, maana huenda presha imebadilika na dawa nayo ikabidi ibadilishwe.

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Kuanzia 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa iko juu, lakini mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akishona, akicheka, akidhani amepona. Kaka yangu alijiona mzima akaacha dawa. Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka mkononi. Tukamcheka kidogo, kisha tukaona hawezi kukiokota. Alinusurika, lakini huu ni mwaka wa sita anafungwa vifungo vya shati na mkewe. Ndiyo maana katika hili sikubembelezi. Na siku ukiona mdomo unapinda, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, ulimi unakuwa mzito, au kifua kinabana, usingoje siku ya kliniki: ni hospitali saa ileile.

Muuguzi aliyekusema mbele ya watu alikosea, tena sana. Uzito wa mtu ni siri yake na mhudumu wake. Ukimkuta tena, kabla hujapanda kwenye mizani mwambie kwa upole, “Dada, naomba tuongelee pembeni.” Hiyo ni haki yako. Akikataa, mwombe mwingine akuhudumie. Ila usimpe mtu mmoja mwenye maneno makali uwezo wa kukukatia dawa.

Sasa hili la msimamo. Wewe unakaa kwenye cherehani kutwa, na sare ya harusi unaitoa siku uliyoahidi hata kama umeme ulikatika. Mtu asiye na msimamo hafanyi hivyo. Hebu nikuulize kwa lugha ya kazi yako: mteja wa kiuno inchi 40 ukimkatia suruali ya inchi 30, ikachanika siku ya kwanza, utasema mteja hana msimamo? Malengo yako ya Januari uliyakata bila kumpima mvaaji. Uliyashonea mtu asiye na watoto wa kuandaa shule, asiyefiwa, anayeweza kukimbia peke yake gizani Mbagala bila kuhofia mbwa wala vibaka. Kila mwaka nguo inachanika, na kila mwaka unajilaumu wewe uliyevaa.

Zile siku 21 nazo zimewavunja moyo wengi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijizoeza jambo moja dogo la kila siku, kama kunywa maji au kutembea kidogo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, mazoea yalichukua wastani wa siku 66 kujengeka. Wapo waliohitaji 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakumrudishi mtu mwanzo. Wewe uliruka nne, kwa ajili ya msiba. Siku zako 19 zilikuwa bado zako. Ulizitupa mwenyewe uliporudi, kwa kuamini kwamba kazi yote imeharibika.

Na hizo kilo 25, ni nani alikutajia? Marekani mwaka 2002 walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi. Na ukifika kliniki, omba wakupime sukari pia.

Lakini hata hizo sita na nusu usizibandike ukutani. Kilo hazitendwi. Huwezi kuamka ukasema leo nafanya nusu kilo. Unachoweza kufanya ni kumeza kidonge, kusimama, kutembea, kupunguza chumvi. Mimi nakupa mawili tu, mbali na dawa.

La kwanza ni bobini. Kila bobini inapoisha uzi, simama. Kabla hujaijaza, toka nje ya kibanda, tembea mwendo wa kuhema kidogo hadi mwisho wa mtaa, urudi. Ni dakika tano hivi. Mara sita kwa siku ni nusu saa, na siku tano za kazi zinakupa zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini cha wiki kwa mtu mzima. Zamani walisema kila mkupuo usipungue dakika 10. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa sharti hilo. Nimechagua bobini kwa sababu haikuombi uikumbuke, inaisha yenyewe. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu aliyeamua “likitokea hili, nafanya lile” hutimiza zaidi kuliko aliyejiambia tu kwamba atajitahidi. Wateja watakuuliza unakwenda wapi kila saa. Waambie daktari amekuagiza.

La pili ni chumvi, na hapa nataka uchukue kalamu. Mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Hukueleza mko wangapi, tuseme watano. Watano ni gramu 25. Pakiti ya nusu kilo basi inatakiwa ikae siku 20, na ikizidi hapo ni heri, kwa kuwa watoto wanahitaji pungufu na chumvi nyingine mnaila nje, kwenye chipsi na kachori. Ukifungua pakiti mpya, iandike tarehe. Ikiisha ndani ya siku 10, umeshajua mnakula mara mbili ya kiasi, bila kupima chochote kwa mizani.

Sufuria mbili zife leo. Baba watoto naye ana mishipa ya damu, na presha haichagui jinsia. Usiikate chumvi ghafla, punguza robo kwanza; ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chupa ya chumvi iondoke mezani, ibaki ndimu na pilipili. Kitunguu saumu na tangawizi viingie mapema kwenye mchuzi. Vile vidonge vya supu na viungo vya pakiti vina chumvi nyingi, kwa hiyo ukivitia, usitie chumvi tena. Ng'onda uroweke na kumwaga maji. Ugali uliouonea Januari hautiwi chumvi kabisa. Urudishe mezani, kiasi cha ngumi yako, mboga za majani ziwe nyingi kuliko ugali.

Chai ya kukata tumbo usinunue. Nyingi ya hizo ni za kuharisha: mizani inashuka kwa kuwa maji yametoka, mafuta yako palepale. Mgonjwa wa presha hana maji ya kuchezea hivyo. Hiyo 35,000 tafutia raba nzuri za mtumba.

Kundi la kikoba liache lihesabu hisa. Chagua mwenzako mmoja tu mnayeaminiana, awe na ruhusa ya kukuuliza swali moja kila Jumapili: dawa umemeza? Asikuulize kilo.

Na msiba mwingine utakuja, au harusi, au mtoto ataumwa. Tuuandalie sasa. Msibani hutachagua chakula, na hakuna atakayekudai. Beba dawa zako kwenye mkoba, umeze kwa saa yako, mengine yasubiri. Ukirudi kazini, bobini ya kwanza itakayoisha ndiyo unayosimama nayo, hata kama umekaa Morogoro wiki mbili.

Sukari na mafuta tutayagusa ukimaliza pakiti tatu za chumvi, kwenye siku ya 60 hivi. Kwa sasa nina maombi mawili: niandikie kliniki wamekwambia nini, na pakiti ya kwanza imeisha tarehe ngapi.