Michezo Mitakatifu Shuleni: Somo kwa Wazazi

Shule nyingi za Kikatoliki za wasichana nchini zina desturi ya kuonyesha michezo mitakatifu. Wakati wa Noeli wanafunzi huigiza safari ya Maria na Yosefu kwenda Betlehemu. Katika Juma Kuu huigiza Mateso ya Bwana wetu. Siku ya msimamizi wa shule huigiza maisha ya mtakatifu huyo. Tumchukue mzazi wa Mkoa wa Singida. Amepanda basi alfajiri kutoka Manyoni au Kiomboi, ameketi katika bwalo la shule, naye amwona binti yake amejitanda shuka jeupe, akinena maneno ya Bikira Maria kwa sauti ambayo nyumbani hajapata kuisikia. Apiga makofi, afuta machozi, na jioni arudi kwake. Je, amepata nini?

Twasema amepata somo, wala si burudani tu. Tena somo hilo lina wanafunzi wawili: binti anayecheza na mzazi anayetazama. Tukimfundisha wa kwanza na kumwacha wa pili, kazi imefanyika nusu.

Asili ya michezo hii

Michezo mitakatifu haikuanza jana. Katika karne ya 10 watawa wa Ulaya waliingiza katika ibada za Pasaka mazungumzo mafupi kati ya malaika na wanawake waliofika kaburini wakiutafuta mwili wa Yesu. Yalikuwa maneno machache tu, yaliyoimbwa kwa Kilatini. Lakini ndiyo mbegu ya michezo mikubwa ya Kikristu ya karne zilizofuata. Katika karne hiyo hiyo mtawa mmoja wa Gandersheim, Ujerumani, aitwaye Hrotsvitha, alitunga michezo 6, na ndani yake mna wasichana Wakristu wanaowajibu watawala wapagani pasipo kutetemeka. Mwaka 1223 Mt. Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani makavu huko Greccio, Italia, pamoja na ng'ombe na punda, na Misa ya Noeli ikaadhimishwa hapo, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Mwokozi.

Msomaji aangalie jambo moja. Mazungumzo yale ya kwanza ya Pasaka yalikuwa juu ya wanawake waliotumwa kunena. Mwinjili Luka atusimulia ya kwamba walipowaletea Mitume habari za kaburi tupu, Mitume waliziona kuwa maneno ya upuuzi, wasiwasadiki. Kumbe habari ile ndiyo msingi wa imani yetu! Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza siku ya Mt. Maria Magdalena, tarehe 22 Julai, iadhimishwe kwa daraja la sikukuu, kama zinavyoadhimishwa siku za Mitume. Basi msichana anapoigiza asubuhi ya Pasaka, ashika nafasi ya wale waliosema kweli kabla ya kusadikiwa.

Faida kwa anayecheza

Kwanza, hujifunza Neno la Mungu kwa moyo. Maneno ya mtihani husomwa usiku na kusahauliwa baada ya juma. Maneno ya mchezo hurudiwa siku nyingi, wakati wa kufua nguo, wakati wa kuchota maji, wakati wa kufagia bweni, hata yakazama ndani.

Pili, hujifunza kuijua roho ya mwingine. Shuleni mwao hakuna wavulana. Kwa hiyo mmoja huchorwa ndevu kwa masizi ili awe Herode. Wenzake hucheka. Lakini akiongozwa vema, aona jinsi hofu ya kupoteza cheo inavyozaa ukatili, na hilo litamfaa maisha yake yote.

Tatu, hujifunza kusimama mbele ya watu wazima na kusema kwa sauti inayosikika hata benchi la nyuma. Msichana aliyezoea kuinamisha macho kila asemapo na wakubwa, hapa aambiwa ainue uso. Adabu haipungui kwa sababu hiyo. Mwenye adabu aweza kusema kweli, naye akabaki na adabu yake.

Mfano mzuri ni Mt. Teresia wa Mtoto Yesu. Kati ya mwaka 1894 na 1897, katika monasteri ya Lisieux, Ufaransa, alitunga michezo 8 kwa ajili ya watawa wenzake. Mwezi Januari 1895 yeye mwenyewe alicheza nafasi ya Joan wa Arc, msichana wa shamba aliyesimama peke yake mbele ya waamuzi wake. Picha zake akiwa katika mavazi ya mchezo huo zipo hata leo. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kifua ulijitokeza, na tarehe 30 Septemba 1897 akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Ushujaa aliouigiza jukwaani aliombwa autoe kitandani, naye akautoa.

Mambo ya kuangaliwa

Hata hivyo mchezo mtakatifu waweza kupotoka. Mwaka 1689 wanafunzi wa kike wa shule ya Saint-Cyr, karibu na Paris, walicheza habari za Malkia Esta, zilizotungwa na mshairi Racine. Mfalme Louis XIV alikuja, wakubwa wa nchi wakagombea nafasi ya kuingia, wasichana wakasifiwa mno. Kisha walezi wakaona kwamba majivuno yameingia shuleni. Racine alipotunga mchezo wa pili, Athalie, mwaka 1691 wanafunzi waliucheza pasipo fahari wala mavazi ya mchezo. Walimu wetu wakumbuke habari hiyo pale vitambaa vya kukodi na vipaza sauti vinapogharimu kuliko vitabu.

Tena, mchezo si Misa. Mwongozo wa Vatikano juu ya ibada za watu, uliotolewa mwaka 2001, wataka waamini waelezwe tofauti kati ya igizo la Mateso, ambalo ni ukumbusho tu, na matendo ya Liturujia. Kwa hiyo mchezo uwe na saa yake na mahali pake.

Kadhalika, katika michezo ya Mateso isionyeshwe kana kwamba Wayahudi wote ndio wenye hatia ya kifo cha Bwana. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulilikataza fundisho hilo katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965.

Jambo la mwisho lataka uangalifu kuliko yote. Wanafunzi wengi hupenda kuigiza habari za Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa wa mashariki ya Kongo, aliyeuawa mjini Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkatalia mkuu wa askari waasi aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Alimsamehe aliyemuua. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Agosti 1985 huko Kinshasa. Ni mchezo wenye nguvu. Lakini katika bwalo lile huenda ameketi msichana aliyetendewa jeuri, naye hajamwambia mtu. Asitoke hapo akidhani kwamba amepungukiwa kitu mbele ya Mungu kwa kuwa yeye yu hai. Tangu zamani Mt. Augustino alifundisha katika kitabu chake Mji wa Mungu ya kwamba usafi wa moyo hauondolewi na jeuri ya mwingine. Hatia ni ya mtenda jeuri peke yake. Mwalimu alitamke hilo waziwazi kabla pazia halijafunguliwa.

Deni la wazazi

Sasa twarudi kwa mzazi wetu. Amemshangilia Anuarite aliyesema hapana. Je, binti yake mwenyewe akisema hapana nyumbani, atasikilizwa? Akija likizo akakuta posa imekwisha kupokelewa na ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa, naye akalia kwamba ataka kumaliza masomo, je, ataitwa jasiri au ataitwa mkaidi?

Si swali la kubuni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Mwaka huo huo wa 2016 Bunge liliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Nalo Kanisa, katika Kanuni ya 1057 ya Sheria yake ya mwaka 1983, lafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuitoa ridhaa hiyo badala yao. Si baba, si mjomba, si ukoo.

Mzazi apendaye kuona ushujaa jukwaani, kisha akauzima nyumbani, ametazama mchezo na kukosa somo. Mitume nao walidhani wanawake wanasema upuuzi. Lakini Petro aliondoka akakimbia kaburini kuangalia. Hilo ndilo tunalomwomba mzazi: binti anenapo, aondoke akaangalie. Amwulize mwalimu, amwulize mama yake, amwulize paroko, amwulize zaidi binti mwenyewe, kabla ya kumnyamazisha.

Basi mabinti na wacheze, walimu na wawaongoze, na wazazi waje kutazama. Tena basi la kurudi Manyoni lisikie mazungumzo juu ya yale yaliyonenwa, kuliko juu ya mavazi yalivyopendeza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika Jumuiya

1. Binti yetu alicheza nafasi gani shuleni? Je, tulimwuliza nafasi hiyo ilimfundisha nini?

2. Kwa nini Mitume hawakuwasadiki wanawake waliotoka kaburini? Nyumbani mwetu ni maneno ya nani yasiyosadikiwa?

3. Msichana akidhulumiwa, je, katika jamaa yetu yuko mtu mzima ambaye aweza kumwambia bila hofu?

4. Ni jambo gani ambalo binti yetu amekwisha kulisema mara mbili, nasi bado hatujaondoka kwenda kuliangalia?